Kiswahili Kama Kazi: Daftari la Waliojiajiri Berlin

Kiswahili kimekuwa kazi ya kulipwa mjini Berlin tangu mwaka 1887, ilipofunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki ili kuwafunza Wajerumani lugha za watu waliokusudia kuwatawala au kufanya nao biashara. Mimi ni mmoja wa wanaoendelea kula kwa lugha hiyo. Kwetu ni Ngamiani, Tanga. Hapa Berlin natafsiri vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, nafanya ukalimani mahakamani na hospitalini, na jioni nafundisha Kiswahili watu wazima wanaotaka kwenda Zanzibar bila kupigwa bei ya mtalii. Sina mwajiri. Kwenye karatasi za serikali naitwa Freiberufler, mtu wa taaluma huru, na hadhi hiyo niliipata kwa kujaza fomu. Ila fomu yenyewe ina ukoo mrefu, na wenzetu waliotutangulia katika mji huu waliuza lugha na maarifa yao wakati daftari la serikali halikuwa na mahali pa kuwaandika.

Ndugu na marafiki hunipigia simu kutoka Dar na Mombasa. Mmoja amepata chuo, mwingine ameolewa, wote wanataka kujiajiri, na swali lao la kwanza ni lilelile: "Dada, leseni inachukuliwa wapi?" Nami hujibu kwa swali: "Unafanya kazi gani hasa?" Kwa maana Ujerumani inawagawa waliojiajiri mafungu mawili, na kila fungu lina mlango wake.

Fungu la kwanza ni Gewerbe, yaani biashara: duka, saluni, mgahawa, usafirishaji wa mizigo. Mwenye biashara hujiandikisha katika ofisi ya biashara ya manispaa, hulipa ada ndogo, na huingizwa katika chemba ya biashara na viwanda, au ya mafundi, apende asipende. Faida yake ikizidi euro 24,500 kwa mwaka, hudaiwa kodi ya biashara inayokwenda kwa manispaa, juu ya kodi ya mapato inayomhusu kila mtu. Fungu la pili ni la taaluma huru: daktari, wakili, mhandisi, msanifu majengo, mwandishi wa habari, msanii, mwalimu, mkalimani, mfasiri, hata rubani anayeingiza meli bandarini. Huyu haendi ofisi ya biashara hata kidogo. Huiarifu Finanzamt, ofisi ya kodi, ndani ya mwezi mmoja tangu aanze kazi, hupewa namba ya kodi, na kodi ya biashara haimgusi. Anayesuka nywele ni mfanyabiashara. Anayeandika kitabu kuhusu ususi ni mtu wa taaluma huru. Ukiuliza kwa nini iwe hivyo, mantiki haitakusaidia sana. Uliza historia.

Mwaka 1806 Napoleon aliishinda Prussia katika vita vya Jena na Auerstedt. Mkataba wa Tilsit wa mwaka uliofuata uliimega nchi karibu nusu, na juu yake ikatwishwa fidia nzito. Hadi wakati huo ufundi mijini ulikuwa mikononi mwa vyama vya mafundi. Kijana hakuweza kushona viatu na kuviuza mpaka chama cha washona viatu kimkubali, na chama kilipunguza idadi ya mafundi ili bei zisishuke. Kansela Karl August von Hardenberg alikuwa na hazina tupu. Tarehe 2 Novemba 1810 ikatoka amri: yeyote atakayelipa kodi ya biashara ya mwaka na kupewa hati yake ana ruhusa ya kufanya kazi, awe chamani asiwe. Kazi chache za hatari, kama ya udaktari na ya uuzaji dawa, ndizo zilizobaki zikidai uthibitisho wa ujuzi.

Watanzania wenzangu hawahitaji kufafanuliwa sana makubaliano ya aina hiyo. Desemba 2018 serikali yetu ilianza kugawa vitambulisho kwa wajasiriamali wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kitambulisho kiliuzwa shilingi 20,000, na ahadi ilikuwa kwamba mwenye nacho asibughudhiwe na mgambo. Hardenberg angeuelewa mpango huo siku hiyohiyo. Serikali inapata jina na fedha. Mtu anapata karatasi ya kumwonyesha anayemsumbua. Uhuru wa kufanya kazi Prussia haukuzaliwa katika hotuba ya mwanafalsafa. Ulizaliwa na risiti mkononi.

Mwaka 1869 Shirikisho la Ujerumani Kaskazini lilitunga sheria ya biashara, nayo ikaja kuwa sheria ya dola zima baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1871. Ingali hai hadi leo, imeshonwa viraka vingi, na kifungu chake cha 14 ndicho kinachomtuma mwenye saluni wa Neukölln, hapa Berlin, kwenda kujiandikisha. Lakini mawakili, madaktari na wasomi hawakutaka kuhesabiwa pamoja na wauza nyama. Walishikilia kwamba wao hawauzi bidhaa: wanatoa elimu, na kinacholipwa ni heshima ya elimu hiyo. Mwaka 1891 waziri wa fedha wa Prussia, Johannes von Miquel, aliwataka wenye kipato cha zaidi ya mark 3,000 kwa mwaka watangaze wenyewe mapato yao kwa maandishi. Kabla ya hapo maofisa walikuwa wakikadiria kwa macho, kwa nyumba na farasi wa mtu. Fomu ninayojaza kila mwaka ni mjukuu wa tangazo hilo. Orodha ya taaluma huru inayonihusu imo katika kifungu cha 18 cha sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 1934, na sheria moja ya kodi ya biashara kwa nchi nzima ilikuja mwaka 1936. Tazama miaka hiyo vizuri: ni ya utawala wa Hitler. Nitarudi hapo.

Sasa niwataje wenzetu. Wa kwanza ninayemhesabu ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani. Aliolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akabatizwa Emily, akafika Hamburg mwaka 1867. Miaka mitatu baadaye mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Sheria ya Hamburg haikumwachia mjane usimamizi wa mali peke yake. Waliwekwa wasimamizi wanaume. Binti wa Sultani akafundisha Kiarabu ili apate chochote, na mwaka 1886 akachapisha Berlin kumbukumbu za maisha yake. Mwalimu wa lugha na mwandishi wa vitabu: leo hayo yote mawili yangemwingiza moja kwa moja katika kifungu cha 18. Wakati ule alikuwa mjane tu.

Kisha ikaja Seminari. Profesa alikuwa Mjerumani, na kando yake aliajiriwa mtu wa pwani wa kuwazoeza wanafunzi matamshi na mazungumzo. Sleman bin Said alitangulia. Amur bin Nasur alimfuata mwaka 1891 akakaa hadi 1895. Maelezo ya Amur kuhusu maisha yake na mji wa Berlin yalichapwa mwaka 1894 katika mkusanyo wa Carl Büttner, mwalimu wa Kiswahili wa Seminari. Hawa walikuwa watu wa mkataba. Mkataba ukiisha, walirudi kwao.

Mtoro bin Mwinyi Bakari ndiye aliyebaki, na kwangu mimi ndiye babu wa kazi hii. Alitoka Dunda, karibu na Bagamoyo, mwanachuoni wa Kiislamu aliyewahi kuwakusanyia Wajerumani kodi ya nyumba. Kwa hiyo daftari la kodi alilijua kwanza akiwa upande wa mezani, sisi tunakokuogopa. Alifika Berlin mwaka 1900. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka Göttingen mwaka 1903, ni maandishi yake. Jina la juu ni la Carl Velten, mkuu wake. Mwaka 1904 alimuoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata, akiwa amechoshwa na dharau za baadhi ya wanafunzi, aliacha kazi, akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani. Walipofika Dar es Salaam walizuiwa kushuka pamoja, kwa kuwa serikali ya koloni haikutaka kumwona Mwafrika ameshika mkono wa mke Mzungu. Wakarudi Ujerumani.

Kuanzia 1909 hadi 1913 alimsaidia Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg. Baada ya hapo hapakuwa tena na taasisi. Mtoro akawa mhadhiri wa kusafiri, akienda mji hadi mji na picha zake, akiwaeleza Wajerumani habari za Afrika Mashariki na kulipwa kwa kila mhadhara. Hiyo ndiyo kazi huru yenyewe, bila kupunguza neno. Bima za Bismarck, zilizoanza mwaka 1883, zilikuwa za vibarua na wafanyakazi wa viwandani. Mtu aliyeishi kwa malipo ya mhadhara mmoja mmoja hakuwemo. Alifia Berlin mwaka 1927.

Miaka miwili baadaye akaingia Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Berlin ilimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe alishika bunduki akiwa mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuja kudai mshahara wa baba yake na wake usiolipwa. Aliambiwa amechelewa. Akaunganisha riziki kama tunavyounganisha sisi: mhudumu katika Haus Vaterland, jumba la starehe pale Potsdamer Platz, msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuo kikuu, na mwigizaji wa nafasi ndogo katika filamu, zaidi ya ishirini.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye ile miaka ya 1930. Septemba 1933 utawala wa Nazi ulianzisha Chemba ya Utamaduni ya Dola, na hakuna mwandishi, mwigizaji wala mwanamuziki aliyeruhusiwa kufanya kazi bila kuandikwa humo. Walioonekana hawafai kwa ukoo wao, Wayahudi wakiwa wa kwanza, walifutwa, na kufutwa kulikuwa mwisho wa riziki. Julai 1938 sheria ya biashara nayo ikarekebishwa ili kuwafungia Wayahudi kazi kadhaa. Sheria iliyowafungulia mafundi maskini mlango ikageuzwa kufuli, na wino ulikuwa wa ofisi zilezile. Mahjub alikamatwa mwaka 1941 kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake mbele ya nyumba alimoishi, Brunnenstraße, mtaa ninaoupita kwenda kazini.

Vita vya Pili vya Dunia vilikwisha, lakini amri ya polisi juu ya wageni ya Agosti 1938 iliendelea kutumika Ujerumani Magharibi hadi ilipotungwa sheria mpya ya wageni mwaka 1965. Nchi ilikuwa imeshaanza kualika wafanyakazi kwa mikataba, Italia mwaka 1955, Uturuki mwaka 1961, na iliwataka wakae kwenye mitambo. Katika pasi zao ukagongwa muhuri unaosema kazi ya kujiajiri hairuhusiwi. Mwaka 1973 mwaliko ukasimamishwa, viwanda vikapunguza watu, na wengi waliotaka kufungua genge la mboga au mgahawa walilazimika kuandikisha duka kwa jina la Mjerumani. Mzee mmoja wa Unguja, ambaye sisi wote hapa tunamwita Babu, aliuza samaki miaka mingi chini ya jina la mkewe. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nilikuwa mwajiriwa wa mke wangu, na mshahara nilikuwa najilipa mwenyewe."

Sheria ya ukaazi iliyoanza Januari 2005 ilifungua mlango kwa maandishi, katika kifungu cha 21, lakini kwa kipimo cha matajiri: kwa kawaida mgeni alitakiwa kuwekeza euro milioni 1 na kuajiri watu 10. Mwaka 2007 ikashuka hadi nusu milioni na watu 5, mwaka 2009 ikawa robo milioni, na mwaka 2012 viwango hivyo vikafutwa. Watu wa taaluma huru wana aya yao humohumo, na hawadaiwi mtaji wa kiwanda. Mimi nilifika nikiwa mwanafunzi, na kibali changu kilikuwa na maneno yaleyale ya wazee: kazi ya kujiajiri hairuhusiwi. Baada ya masomo nilipeleka ofisi ya wahamiaji barua za wateja waliokuwa tayari kunipa kazi, makadirio ya mapato na matumizi, vyeti vyangu na bima ya afya. Aliyevuka miaka 45 huombwa pia kuonyesha akiba ya uzeeni inayotosha. Yale maneno yakafutwa, yakaandikwa mengine.

Kuandikwa peke yake hakushibishi. Mwaka 1969 mwandishi Heinrich Böll, katika mkutano wa kuanzisha chama cha waandishi wa Ujerumani Magharibi, aliwataka wenzake waache unyenyekevu wao na kudai haki za kazi. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1970 ulionyesha wasanii wengi wakizeeka bila pensheni. Matokeo yake ni mfuko wa bima ya wasanii na waandishi, Künstlersozialkasse, ulioanza kazi Januari 1983 huko Wilhelmshaven. Msanii hulipa nusu ya michango ya afya na uzeeni. Nusu ya pili hutoka kwa wachapishaji na wanunuzi wa kazi za sanaa, na kwa serikali kuu. Mfasiri wa riwaya anaingia. Mfasiri wa vyeti kama mimi haingii, kwa hiyo bima ya afya naibeba yote.

Mwalimu anayejitegemea ana mzigo wa ziada ambao wengi wetu hawaambiwi: kipato chake kikishapita kima kidogo, na kama hajaajiri mtu, sheria inamlazimisha kulipa pensheni ya serikali, asilimia 18.6 ya mapato, bila mwajiri wa kugawana naye. Na hata huo uhuru wa mwalimu umeanza kutiliwa shaka. Juni 2022 mahakama kuu ya masuala ya hifadhi ya jamii iliamua kesi ya mwalimu wa muziki wa mji wa Herrenberg: anayefundisha katika chumba cha shule, kwa ratiba ya shule, bila kubeba hasara wala kutafuta wateja mwenyewe, ni mwajiriwa, hata kama mkataba unamwita huru. Shule za lugha kote nchini zilitikisika. Baada ya miaka zaidi ya 130, Ujerumani bado inajiuliza mwalimu wa Kiswahili aandikwe wapi.

Nionavyo mimi, uwezo wetu wa kazi haujawahi kuwa tatizo. Mtoro alijua fiqhi, sarufi na desturi za pwani kuliko profesa aliyemwajiri. Kilichotofautisha maisha yake na yangu ni hadhi aliyoandikwa nayo na nani aliyeshika kalamu. Mwaka 2021 sheria ilipanga malipo ya mkalimani wa mahakamani kuwa euro 85 kwa saa, bila kuuliza katoka bara gani. Malipo ya namna hiyo hayapatikani kwa hisani ya mtu. Yanapatikana kwa kuwa kazi ina jina kisheria.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayejiandaa kuja, au uliyekwisha kufika na bado unafanya kazi za chini kwa chini: soma kibali chako neno kwa neno kabla hujachukua kazi ya kwanza. Jiulize kama unauza bidhaa au taaluma, kisha gonga mlango unaokuhusu. Eleza kazi yako kwa jina lake halisi kwenye fomu ya Finanzamt, maana ukiandika "huduma mbalimbali" utawapa wao uamuzi wa kukupanga. Toa ankara kwa kila kazi, tenga fedha ya kodi siku unayolipwa, ulizia pensheni mapema, na kitabu ulichokiandika kisitoke bila jina lako juu. Daftari hili limewahi kutumika kutufungia nje, na ndiyo sababu nasema tuingie humo kwa macho makavu na kwa majina yetu kamili. Anayefanya kazi bila kuandikwa anaweza kulipwa leo. Siku akidhulumiwa, hana pa kwenda kudai.